Jina, folda, lebo au hifadhidata: ulinganisho wa njia za kupanga mafaili mengi kwa mkupuo

Mwenye mafaili elfu nne yanayoitwa IMG_0412, Skani0037 na "Ripoti ya mwisho kabisa (2)" kwa kawaida huanza kwa kuuliza ni programu gani itakayoyabadilisha majina hayo yote kwa mkupuo. Programu za namna hiyo ni nyingi, baadhi yake ni za bure na nzuri, na sehemu kubwa ya makala hii itazilinganisha. Hata hivyo, lipo jambo linalotangulia uchaguzi huo, nalo ni mahali ambapo utambulisho wa faili utakaa: katika jina lake, katika folda lilimowekwa, ndani ya faili lenyewe, au katika hifadhidata iliyo kando. Programu ikichaguliwa vibaya, mtu huiacha akachukua nyingine siku hiyohiyo. Mahali pakichaguliwa vibaya, hasara hugunduliwa baada ya miaka, mafaili yakiwa yamekwisha kuhamishwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine mara kadhaa na lebo zilizotungwa kwa jasho zikiwa zimebaki njiani.

Mahali pa kuandika utambulisho

Jina la faili ndilo linalostahimili safari kuliko yote. Faili likitumwa kwa barua pepe, likinakiliwa kwenye flashi au likifunguliwa katika mfumo endeshi mwingine, jina lake karibu kila mara hufika nalo, na mpokeaji hahitaji programu yoyote ili kulisoma. Ubaya wa jina ni ufinyu wake. Enzi za MS-DOS jina lilikuwa na herufi nane na kiendelezi cha herufi tatu, na ingawa Windows 95 ililegeza kizuizi hicho, mipaka bado ipo: mfumo wa NTFS unaotumiwa na Windows hukubali herufi 255 kwa jina moja, ext4 ya Linux hukubali baiti 255, na programu nyingi za Windows bado hukwama pale njia nzima ya faili, yaani majina ya folda zote pamoja na jina lenyewe, inapokaribia herufi 260. Windows hukataa pia alama kadhaa, zikiwemo nukta pacha, alama ya kuuliza, nyota na mikwaju ya pande zote mbili, ilhali Linux haina ugomvi na nyingi kati ya hizo. Linux huhesabu Ripoti.pdf na ripoti.pdf kuwa mafaili mawili; Windows na macOS, katika mpangilio wao wa kawaida, huyaona kuwa na jina moja. Kwa hiyo anayetunga majina yatakayoishi katika mifumo yote hana budi kufuata, kwa kila jambo, kanuni ya mfumo ulio mkali zaidi: herufi ndogo, tarakimu, kistari na mstari wa chini, basi.

Ndani ya ufinyu huo kuna nafasi ya mambo matatu au manne tu, na la kwanza linapaswa kuwa lile litakalotumika kupanga mafaili kwa mfuatano. Kwa wengi ni tarehe, na tarehe iandikwe kama kiwango cha ISO 8601 cha mwaka 1988 kinavyoelekeza, yaani mwaka, mwezi, kisha siku: 2019-07-14. Ikianza na siku, mafaili ya tarehe mosi ya kila mwezi wa kila mwaka yatakusanyika pamoja juu ya orodha, jambo ambalo halimsaidii mtu yeyote.

Folda ni rahisi kueleweka, lakini hushindwa mara tu jambo moja linapokuwa la makundi mawili. Risiti ya matengenezo ya gari la mradi fulani itakaa chini ya gari, chini ya mradi, au chini ya mwaka? Faili hukaa katika folda moja, na ukilinakili katika folda mbili umezaa mafaili mawili yatakayoanza kupishana siku mojawapo litakapohaririwa. Kwa maoni yangu, folda zibebe mgawanyo mmoja mpana, wa ngazi mbili au tatu, na mengine yote yaachiwe jina au lebo. Folda zenye ngazi nane ndizo zinazokula herufi 260 zilizotajwa hapo juu.

Mahali pa tatu ni ndani ya faili lenyewe, penye kile kinachoitwa metadata. Kamera za kidijitali huandika tarehe, muundo wa kamera na mipangilio ya picha kwa utaratibu wa EXIF, uliotolewa Japani mwaka 1995. Muziki wa MP3 hubeba jina la wimbo na la msanii kwa utaratibu wa ID3, ulioanza mwaka 1996. Na maelezo na maneno muhimu ya picha na hati huandikwa kwa XMP, utaratibu wa Adobe wa mwaka 2001 ambao mwaka 2012 ulikuwa kiwango cha kimataifa, ISO 16684-1. Faida kubwa ya metadata ni kwamba haidhuriki jina linapobadilishwa, na kwamba faili moja linaweza kubeba lebo ishirini bila kusongamana. Udhaifu wake ni wa aina mbili. Kwanza, si kila faili lina chumba cha kuziweka: faili la maandishi matupu halina. Pili, huduma nyingi za kutumiana ujumbe hupunguza ukubwa wa picha na kufuta metadata yake, kwa hiyo picha ya miaka kumi iliyopita iliyopitia huko hufika ikiwa haijui ilipigwa lini.

Hapa ndipo watumiaji wengi huchanganya mambo mawili yanayofanana kwa sura. Lebo za rangi za Finder, kidhibiti cha mafaili cha kompyuta za Mac, zilizokuja na macOS ya mwaka 2013, hazimo ndani ya faili. Zimeandikwa kando yake katika mfumo wa diski. Ukilipeleka faili kwenye flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa diski wa FAT32 au exFAT, macOS huziweka katika faili dogo la pembeni lenye jina linaloanza na nukta na mstari wa chini, na Windows hulionyesha hilo kama takataka isiyojulikana imetoka wapi. Lebo za Windows, zile zinazoandikwa katika dirisha la sifa za faili, ni kinyume chake: huingia ndani ya faili, kwa hiyo husafiri nalo, lakini zinapatikana kwa aina chache tu, kama JPEG na hati za Word. Anayefanya kazi katika kompyuta moja ya Mac atafurahia lebo za Finder kila siku, maana ni nyepesi na utafutaji wake ni wa haraka. Anayegawana mafaili na wenye Windows asizitegemee.

Mahali pa nne ni hifadhidata. Lightroom Classic, programu ya Adobe ya kupanga na kuhariri picha, huweka maneno muhimu na alama za ubora katika katalogi yake, na katika mpangilio wake wa kawaida hubaki humo mpaka mtumiaji aiamuru iandike XMP. DigiKam, programu ya picha ambayo ni ya bure, nayo ina hifadhidata yake, lakini inaweza kuwekwa ili iandike kila lebo ndani ya picha pia. Kwa watumiaji wa Linux ipo TMSU, inayoweka lebo za faili la aina yoyote katika hifadhidata ya SQLite bila kuligusa faili lenyewe. Hifadhidata ndiyo yenye nguvu kuliko zote katika kutafuta, na ndiyo yenye mashikilio kuliko zote: ukihamisha mafaili bila kuiarifu, uhusiano hukatika, na ukiihama programu yenyewe, lebo zako huenda zisihame nawe. TagSpaces imechagua njia ya katikati inayostahili kutajwa, kwani huandika lebo katika jina la faili, ndani ya mabano ya mraba, au katika faili la pembeni, hiari ni ya mtumiaji.

Vifaa vilivyomo tayari katika kompyuta

Kwa kazi ndogo hakuna haja ya kupakua chochote. Katika Windows, ukichagua mafaili mengi, ukabonyeza F2 na kuandika jina, yote hupewa jina hilo na namba katika mabano: safari (1), safari (2), na kuendelea. Ni haraka, na hapo ndipo uwezo wake unapokoma. Jina la zamani hufutika lote, hata kama lilikuwa na tarehe ya maana, na namba hazina sifuri mbele, hivyo programu inayopanga kwa kufuata herufi moja moja itaweka (10) kabla ya (2). Dirisha la Windows lenyewe halionyeshi kasoro hiyo kwa sababu tangu Windows XP hupanga namba kwa thamani yake, na ndiyo maana wengi huigundua kasoro pale mafaili yanapofika kwenye seva au kwenye kifaa cha kuchezea muziki. Kama mafaili ni thelathini na kila moja lahitaji jina lake, njia ya haraka zaidi ni kubonyeza F2 kwa faili la kwanza, kuandika, kisha kubonyeza Tab ili kuruka hadi linalofuata.

Finder ya macOS iko mbele kwa hatua moja. Tangu toleo la Yosemite la mwaka 2014, ukichagua mafaili mengi na kuamuru yabadilishwe majina, hukupa njia tatu: kubadilisha neno moja kwa jingine, kuongeza maneno mwanzoni au mwishoni, au kutunga jina jipya lenye namba, na mojawapo ya mitindo ya namba huja na sifuri zake mbele, 00001, 00002, bila kuombwa. Haiwezi kusoma tarehe ya kamera wala kuelewa ruwaza, yaani alama zinazoeleza umbo la maneno yanayotafutwa badala ya maneno yenyewe.

Kwa upande wa Linux, kidhibiti cha mafaili cha GNOME, mojawapo ya mazingira ya madirisha ya Linux, kilipata uwezo huu katika toleo la 3.22 la mwaka 2016, na kwa hukumu yangu ndicho bora kati ya vifaa vitatu hivi vya ndani. Huonyesha majina ya zamani na mapya yakiwa yamepangwa sambamba kabla ya kutenda, huonya majina mawili yanapogongana, na huweza kuchota tarehe ya kupigwa kwa picha au namba ya wimbo kutoka katika metadata na kuiweka katika jina. Wenye XFCE, mazingira mengine ya namna hiyo, wana kifaa cha aina hiyohiyo ndani ya Thunar, kidhibiti chake cha mafaili.

Programu maalumu za kubadili majina

Mtumiaji wa Windows aliyeshindwa na F2 aanze na PowerRename, iliyo sehemu ya PowerToys, mkusanyiko wa bure ambao Microsoft iliufufua mwaka 2019. Hukaa katika menyu ya kubofya kulia, ina visanduku viwili vikuu, cha kutafuta na cha kubadilisha, na chini yake orodha inayoonyesha kila jina litakavyokuwa kadiri unavyoandika. Inaelewa ruwaza, inaweza kuongeza namba au tarehe ya kuundwa kwa faili, na inaweza kuambiwa iguse jina tu na kuacha kiendelezi. Baada ya kazi, Ctrl+Z katika dirisha la mafaili hurudisha yaliyopita. Kwa watu tisa kati ya kumi hii inatosha, nami huipendekeza kabla ya nyingine yoyote.

Bulk Rename Utility ni jambo jingine kabisa. Dirisha lake moja limejaa visanduku na vitufe kama chumba cha rubani, na anayelifungua mara ya kwanza huweza kulifunga papo hapo. Lakini kila kisanduku kina kazi yake, na mafaili yakiwa maelfu mengi programu hii haichechemei. Ni ya bure kwa matumizi binafsi. Kampuni huhitaji leseni. Advanced Renamer, ambayo nayo ni ya bure kwa matumizi binafsi, hufikia karibu nguvu ileile kwa njia iliyotulia zaidi: unapanga hatua moja baada ya nyingine, kwa mfano ondoa herufi nne za mwanzo, kisha ongeza tarehe, kisha geuza herufi zote ziwe ndogo, na kila hatua hutenda juu ya matokeo ya iliyotangulia. Pia huweka kumbukumbu ya kazi zilizopita, hivyo unaweza kurudisha nyuma kundi ulilolibadilisha zamani, jambo ambalo Ctrl+Z haiwezi kuahidi. Kati ya hizi mbili ningemshauri anayeanza achukue ya pili.

Kuna kipimo kimoja cha programu hizi ambacho matangazo yake huwa hayakitilii mkazo, nacho ni kama programu inaweza kusoma orodha ya majina kutoka katika faili la maandishi. Chukua hati mia nane zilizoskaniwa. Ndani yake hamna tarehe ya hati, mna tarehe ya kuskani tu. Majina yake hayana ruwaza yoyote ya kushika. Na hakuna kanuni duniani itakayojua kwamba Skani0037 ni mkataba wa pango. Kazi ya macho haikwepeki hapo. Swali ni macho hayo yafanye kazi katika mazingira gani. Njia ninayoiona kuwa bora ni kutoa orodha ya majina yote, kuibandika katika safu ya kwanza ya lahajedwali, kufungua hati moja moja na kuandika tarehe, aina na mhusika katika safu zake, kisha kuacha fomula iunganishe safu hizo kuwa jina jipya katika safu ya mwisho. Lahajedwali hukuonyesha papo hapo kwamba umeandika "mkataba" mara mia mbili na "mktaba" mara tatu, hukuwezesha kusahihisha kabla ya faili hata moja kuguswa, huweza kugawanywa kwa watu watatu wafanye kazi kwa pamoja, na likihifadhiwa hubaki kuwa daftari la majina ya kale. Bulk Rename Utility husoma orodha ya jozi kama hiyo, jina la zamani na jina jipya, na kuitekeleza. Programu isiyoweza kufanya hivyo, hata kama ina madoido mangapi, haikufai kwa hati za kuskani.

Amri za kuandika

Dirisha la amri huogopwa bure na husifiwa kupita kiasi. Faida yake halisi si kasi. Faida yake ni kwamba amri iliyofanya kazi leo huhifadhiwa na kutumika tena mwezi ujao bila kubofya chochote. Kwa kazi inayorudi, kama rekodi za sauti zinazoingia kila wiki, amri hushinda programu yoyote ya madirisha. Kwa kazi ya mara moja, muda wa kuitunga na kuijaribu mara nyingi huzidi muda uliookolewa.

Katika PowerShell, dirisha la amri la Windows, amri ya Rename-Item ikiongezewa -WhatIf hueleza itakachokifanya bila kukifanya, na ikikuta jina jipya tayari lina mwenyewe hugoma. Katika Linux na macOS, mv, amri ya kuhamisha faili au kulibadili jina, haina adabu hiyo: faili lenye jina unalolitaka likiwepo, hufunikwa kimyakimya, na hakuna pipa la taka la kulitafutia. Anayetumia mv katika mzunguko, yaani amri inayojirudia kwa kila faili, aongeze -n ili izuiwe kufunika. Amri iitwayo rename nayo ina mtego wake, kwa kuwa jina hilo ni la programu mbili tofauti: katika Debian na Ubuntu ukisakinisha rename hupata ile ya Perl, inayoelewa ruwaza kamili, ilhali mifumo mingine ya Linux huja na ile ya util-linux, inayobadilisha neno kwa neno tu. Maelekezo ya moja hayafai kwa nyingine. Kwa asiyependa kukariri amri ipo vidir, inayofungua orodha ya majina katika kihariri cha maandishi. Unayahariri kama unavyohariri barua, unahifadhi, na majina yanabadilika. Ni lahajedwali la maskini, na ni zuri mno.

Kuhusu ruwaza, neno la tahadhari linalowahusu hasa wanaoandika majina kwa Kiswahili. Lugha yetu huunganisha viambishi na mashina, kwa hiyo neno fupi humo ndani ya maneno marefu. Niliwahi kuagiza neno "kazi" liondolewe katika folda nzima, na orodha_ya_wakazi ikawa orodha_ya_wa, makazi_mapya yakawa ma_mapya. Dawa inayotajwa kila mahali ni kuzungushia neno alama ya mpaka, \b, ili ruwaza ishike neno zima tu. Dawa hiyo hufanya kazi katika kazi-2021, lakini hushindwa katika kazi_2021, kwa sababu katika ruwaza mstari wa chini huhesabiwa kuwa sehemu ya neno na hakuna mpaka kati yake na herufi. Hii ndiyo sababu yangu kuu ya kutenganisha maneno kwa kistari na kuuacha mstari wa chini utenganishe sehemu kubwa za jina, kama katika 2021-03-09_mkataba-wa-pango.

Picha na muziki

Picha ndizo zinazofaidika zaidi na kazi ya mkupuo, kwa kuwa faili lenyewe tayari linajua tarehe yake. Pia ndizo zenye uhitaji mkubwa zaidi: kanuni za majina ya kamera huruhusu herufi nne na tarakimu nne, hivyo baada ya 9999 hesabu huanza upya, na mtu mwenye kamera moja kwa miaka kadhaa atakuwa na picha mbili au tatu zinazoitwa DSC_0001. Chombo kinachosimama juu ya vyote hapa ni ExifTool, kilichoandikwa na Phil Harvey na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2003, kinachofanya kazi katika Windows, macOS na Linux. Hakina dirisha, ni amri. Huchukua tarehe ya kupigwa kwa picha, huipanga kwa mtindo utakaouagiza, na huiweka katika jina. Mtindo huo ni wa lazima, maana EXIF huandika tarehe kwa nukta pacha, 2019:07:14, nazo haziruhusiwi katika majina ya Windows. Picha mbili zilizopigwa katika sekunde moja huweza kuongezewa namba ya kuzitofautisha, na kwa kutumia TestName badala ya FileName amri nzima hujaribiwa bila kubadilisha kitu. Kinapoandika metadata, huacha nakala ya faili la awali yenye _original mwishoni mwa jina, uangalifu ambao ningependa kuuona katika programu nyingine.

Jambo moja la kuangalia kabla ya kuamini tarehe hizo: kwa miaka mingi EXIF haikuwa na mahali pa kuandika majira ya eneo, mpaka toleo la 2.31 la mwaka 2016. Picha za safari zilizopigwa na kamera mbili, moja ikiwa imerekebishwa saa na nyingine ikiwa bado na saa ya nyumbani, zitapangwa zikiwa zimepishana kwa saa kadhaa. ExifTool huweza kusogeza saa za kundi zima, na kazi hiyo ifanywe kabla ya kubadili majina. Asiyetaka amri, digiKam itamfanyia mengi ya haya kwa madirisha, pamoja na kuweka lebo kwa picha mia kwa mara moja.

Kwa muziki uamuzi ni mfupi. Mp3tag ina uwezo wa kutunga jina la faili kutoka katika lebo za ndani, na kinyume chake, kutoa lebo kutoka katika jina. MusicBrainz Picard huenda mbali zaidi, kwa kuutambua wimbo kutokana na sauti yake na kuchota maelezo kutoka katika hifadhidata ya mtandaoni, lakini nyimbo zisizomo katika hifadhidata hiyo haitazijua. Ikiwa majina yako ni mazuri na lebo ni mbovu, chukua ya kwanza. Ikiwa vyote viwili ni vibovu, jaribu ya pili.

Kosa likitokea

Ulinganisho wa programu hizi kwa wingi wa uwezo wake hupotosha kidogo, kwa kuwa tofauti kubwa huonekana mambo yanapoharibika. Kosa la mkono mmoja huharibu faili moja. Kosa la mkupuo huharibu elfu nne kwa sekunde mbili. Kwa hiyo programu isiyoonyesha matokeo kabla ya kutenda isitumike kwa mafaili yasiyo na nakala ya akiba, na hata ile inayoonyesha ijaribiwe kwanza katika folda yenye nakala ishirini. Uwezo wa kutendua ni hakika zaidi kwa programu inayoandika kumbukumbu yake kwenye diski, kama Advanced Renamer, kuliko unaotegemea Ctrl+Z, unaoweza kupotea kompyuta ikizimwa. Kwa amri, kumbukumbu ni ile unayojiandikia mwenyewe: lile lahajedwali la jozi, likigeuzwa safu, ndilo amri ya kurudisha.

Yapo pia madhara ambayo hakuna kutendua kutakakoyaona. Mradi wa kuhariri video, lahajedwali linalorejelea lahajedwali jingine na ukurasa wa tovuti wenye picha, vyote hushika faili kwa jina lake; jina likibadilika nje ya programu hizo, kiungo hukatika. Na folda inayosawazishwa na wingu itapeleka kosa lako katika kila kifaa kilichounganishwa kabla hujamaliza kulitambua, kwa hiyo usawazishaji usimamishwe kwanza.

Nani achukue nini

Mwenye picha za familia au za kazi, na asiyeogopa amri, achukue ExifTool kwa majina na digiKam kwa lebo, huku digiKam ikiwa imewekwa ili iandike lebo ndani ya picha. Mwenye hati za kuskani atumie lahajedwali pamoja na programu inayosoma jozi, na aweke utambulisho wote katika jina, kwa kuwa hati hizo zitatumwa kwa watu ambao hataweza kuwachagulia programu. Mtafiti mwenye rekodi zinazoingia kila wiki atunge amri moja aitumie daima. Anayefanya kazi peke yake katika Mac moja na anayetaka tu kuona kwa rangi kilicho tayari na kisicho tayari, lebo za Finder zinamtosha kabisa, na kumshauri ajifunze ruwaza ni kumchosha.

Ofisi ya watu kadhaa ndiyo yenye uamuzi mgumu, kwa kuwa pale programu bora hushindwa na mtu mmoja asiyeijua. Kwao ningechagua jina la faili lenye sehemu tatu tu, folda za ngazi mbili, na PowerRename au Finder kulingana na kompyuta zilizopo, kisha ningeweka katika folda ya juu kabisa faili dogo la maandishi linaloeleza sehemu hizo tatu ni zipi na maneno gani yanaruhusiwa katika ya pili. Jina la faili hilo lianze na 00, ili likae juu ya orodha ya mafaili.